Nguvu Isiyopinduliwa



Vijana wetu walipokuwa wakijiandaa kupokea Kipaimara, mkatekista aliwataka wataje mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Waliyataja bila kukosea: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Kisha akawauliza ni paji lipi wanalolitamani kuliko mengine. Karibu wote walijibu: nguvu. Alipotaka kujua sababu, kijana mmoja alisema maneno ambayo tumeshindwa kuyasahau: "Nataka nguvu, ili siku moja wao ndio watukimbie sisi."

Hatukumcheka, wala hatukumkemea. Kijana huyo amekulia katika mji ambamo mwenye nguvu ndiye anayebaki, na asiye nayo hujitwika godoro kichwani na kuondoka. Amesema kwa sauti yale ambayo wengi wetu tunayasema moyoni tunapopiga magoti. Ndiyo sababu tunaandika. Tunaogopa kwamba kosa lake ni letu pia: tunamwomba Mungu nguvu, lakini nguvu tunayoifikiria ni ileile ya wale wanaotutesa, isipokuwa tunataka iwe mikononi mwetu.

Tuutazame kwanza mji wetu, maana Bukavu ni shule katika jambo hili. Wabelgiji waliuita Costermansville, kwa jina la mmoja wa wakubwa wao, wakidhani jina hilo litadumu. Leo ukiwauliza watoto wa Kadutu au wa Bagira, wengi hawajawahi kulisikia. Mwaka 1967 mamluki wa Schramme waliushika mji kwa miezi michache, wakaondoka wakiacha magofu. Oktoba 1996 waliingia AFDL, na miezi saba baadaye utawala wa Mobutu, uliokuwa umedumu zaidi ya miaka thelathini, ukaanguka. Agosti 1998 ikaja RCD. Juni 2004 mji ulitekwa tena, safari hii kwa siku chache tu, lakini siku zilizotosha kuacha vilio katika nyumba nyingi. Februari 2025 waliingia M23. Kila mara viti vilikaliwa na watu wengine, mihuri ikabadilishwa, na raia akatakiwa apige makofi. Na kila mara wale walioingia walisema kwamba wamekuja kukaa.

Hatuandiki haya ili kuwapima watawala mmoja mmoja. Tunataka kusema jambo moja ambalo mtu yeyote mwenye umri wa miaka hamsini katika mji huu amelishuhudia: nguvu inayotegemea bunduki haidumu, kwa kuwa daima ipo bunduki nyingine. Wala haimpi raha anayeishika. Anahitaji walinzi, ukuta, na watu wa kumletea habari za wenzao. Anayetawala kwa hofu, naye hutawaliwa na hofu. Mwinjili Yohane anatuonyesha jambo hilo katika sura ya kumi na tisa. Pilato anajigamba mbele ya Yezu kwamba anayo mamlaka ya kumfungua na ya kumsulubisha; Yezu anamjibu kwamba asingekuwa na mamlaka yoyote kama asingepewa kutoka juu. Lakini tukisoma vizuri, ni nani anayeogopa katika sura hiyo? Ni Pilato, mwenye askari na kiti cha hukumu. Aliyefungwa mikono ndiye aliyetulia.

Basi, nguvu ya kikristu ni nini? Tunaamini kwamba ni uwezo wa kubaki katika ukweli na katika upendo wakati kila kitu kinatusukuma tutoke humo. Si nguvu ya kumsukuma mwingine. Ni nguvu ya kutosukumwa. Na hatuhitaji kwenda mbali kuitafuta mifano.

Oktoba 1996, vita vilipoukaribia mji, wengi waliokuwa na wajibu wa kuulinda walikimbia. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mtoto wa nchi hii na Mjezuiti, alibaki. Tangu mwaka 1994 alikuwa amesema bila kuchoka: alitetea wakimbizi waliotoka Rwanda, akatetea raia wa Kivu, akawakaripia hadharani askari wa nchi yake waliowapora watu waliopaswa kuwalinda. Hakuchagua machozi ya upande mmoja. Katika siku zile za mwisho aliwasihi watu watulie, wasikimbie ovyo, na wapendane. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa kwa risasi pale Nyawera, na mwili wake ukaachwa njiani hadi siku iliyofuata. Hakuwa na jeshi. Hata hivyo, kila tarehe 29 Oktoba jina linalotajwa kwa heshima katika Bukavu ni lake, na si la aliyetoa amri.

Mtu anaweza kusema: huyo alikuwa askofu, alikuwa na kiapo chake, sisi walei tuna watoto na kodi ya nyumba. Ndiyo sababu Mungu ametupatia ndugu mwingine. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana mwenye shahada, mwenye kazi ya Serikali katika OCC, ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, na mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliyetumia muda wake pamoja na watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo. Mwaka 2007 ilifika mpakani shehena ya mchele ulioharibika. Aliahidiwa pesa ili aipitishe, akakataa. Akashinikizwa, akakataa tena. Julai mwaka huo alitekwa nyara na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Hakuombwa akane imani, wala hakuna aliyemwambia aukanyage msalaba. Aliombwa sahihi. Alichotakiwa kufanya ni kile kinachofanyika kila siku mpakani, katika ofisi, katika shule na hospitali za nchi yetu, na ambacho tumekipa majina laini ili kisituchome: matabishi, pesa ya usafiri, shukrani kidogo. Floribert aliona nyuma ya sahihi hiyo watoto ambao wangekula mchele ule. Imani yake ilimpa macho kwanza, ndipo ikampa nguvu.

Hapa hatuwezi kujifanya watakatifu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumewahi kutoa pesa ili karatasi isainiwe, na baadhi yetu tumewahi kupokea. Tulijisemea kwamba mshahara haukutosha, au haukufika; kwamba kila mtu anafanya; kwamba tukikataa, mwingine atakubali. Sababu hizo zote zina kiasi cha ukweli. Lakini tukizijumlisha, tunapata nchi hii tunayoilalamikia kila jioni. Wenye bunduki wametunyang'anya mengi. Dhamiri zetu hawakutunyang'anya, tuliziuza wenyewe kwa bei ndogo.

Tulipozungumza juu ya haya baada ya Misa Dominika moja, mama mmoja muuzaji wa unga sokoni alisimama akauliza kwa upole: "Wote mnaowataja wamekufa. Waliowaua walirudi nyumbani, wakala, wakalala. Nguvu hiyo mnayoisifu, inazuia mlango wangu usivunjwe usiku?" Kikao kilinyamaza. Ni swali linalostahili jibu la kweli, maana anayemjibu haraka huenda hajawahi kuusikia mlango wake ukigongwa kwa kitako cha bunduki.

Jibu la kwanza ni hapana. Imani haizuii risasi, wala haiufanyi mlango wa mbao kuwa chuma. Anayewaahidi watu jambo hilo anawadanganya. Bwana wetu mwenyewe aliambiwa ashuke msalabani, na hakushuka. Tarehe 28 Novemba 1964, hapa katika mkoa wetu, wamisionari watatu Waksaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Walikuwa watu wa sala, na sala yao haikuzuia mauaji. Walitangazwa wenye heri Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, mbele ya wajukuu wa waamini wale waliowatumikia.

Jibu la pili ni kuuliza: muuaji alitaka nini, na je, alikipata? Waliomwua Munzihirwa walitaka sauti inyamaze. Kiti chake alikikalia Emmanuel Kataliko, ambaye katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 aliutaja waziwazi unyonyaji wa watu wake, akawataja wageni na wenyeji walioshirikiana nao, na hakuziacha nje dhambi za Kanisa lenyewe. Februari 2000 wakuu wa wakati ule walimzuia asirudi jimboni, wakamhamishia Butembo. Mji mzima ulilia na kudai arudishwe. Alirudi tarehe 14 Septemba 2000, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki karibu na Roma. Utawala uliomfukuza ulikwisha pamoja na mapatano ya mwaka 2003. Kiti cha Bukavu hakikubaki wazi. Neno lililotakiwa linyamazishwe lilipita kutoka mkono hadi mkono, kama mwali wa Pasaka unavyopita kutoka mshumaa hadi mshumaa katika kanisa lenye giza.

Lakini hata jibu hilo halitoshi, na mama yule alijua. Kumbukumbu nzuri haimfufui mtu. Kama mambo yanaishia kaburini, basi Floribert alidanganyika, na mwenye mchele ule alikuwa na akili kuliko yeye. Mtakatifu Paulo hakuogopa kulisema: kama Kristu hakufufuka, imani yetu ni bure na sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Hapo ndipo penye mlango wa jambo zima. Hatuamini kwamba wema hushinda daima hapa duniani. Tumeona mengi mno hata tuweze kusema hivyo. Tunaamini kwamba Baba alimfufua Yule aliyeuawa, na kwamba kwa hiyo mauti hayana tena neno la mwisho. Mtu anayeamini hilo kwa kweli amenyang'anywa kitu kimoja tu: ile kamba ambayo wenye nguvu huwavuta nayo watu wote, yaani hofu ya kufa. Bado atatetemeka, kwa kuwa Bwana wetu naye alitetemeka Getsemani. Ila hataongozwa na tetemeko lake.

Na kuna jibu la tatu, ambalo mama huyo mwenyewe alilibeba bila kujua. Februari 2025, watu walipokimbia kutoka Kavumu na Katana, alipokea watu saba katika vyumba vyake viwili. Alipoulizwa alivyoweza, alisema kwamba hakufanya kitu, walisogeana tu kwenye mkeka. Yeye hakuiita nguvu. Sisi tunaiita hivyo, tena tunasema kwamba ni ileile ya Nyawera na ya mpakani Goma, kwa kipimo cha kila siku. Wengi walikuwa na silaha mwezi ule. Wachache waliweza kusogea kwenye mkeka.

Tukiisha kuielewa nguvu hii, tutaona wazi pia ni wapi haipatikani. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya nane, kinamtaja Simoni wa Samaria, aliyewaona Mitume wakiwawekea watu mikono, akatoa fedha ili auziwe uwezo ule. Petro alimkemea vikali. Simoni bado yupo kati yetu. Yupo pale nguvu inapouzwa katika chupa ya mafuta, katika unabii wa kulipia, katika kesha la kuomba adui aanguke. Tusiwanyoshee kidole wengine peke yao: yupo pia Mkatoliki anayeishika rozari kama fimbo juu ya kichwa cha jirani, na yule anayekomunika asubuhi na kwenda kwa mganga usiku ili biashara ikae sawa. Na ipo njia ya Simoni iliyo ya heshima zaidi, nayo ni hatari zaidi: kuwakimbilia wakubwa wa siku, kuwapa viti vya mbele kanisani, kutafuta kivuli chao. Kanisa linaloegemea kiti cha mkubwa litaanguka siku kiti hicho kitakapopinduliwa.

Wengine watauliza kama tunawafundisha watu kuvumilia tu. Hapana. Munzihirwa na Kataliko hawakunyamaza. Na walei wa nchi yetu wana historia yao. Tarehe 16 Februari 1992, wakristu walitembea katika njia za Kinshasa wakiwa na Biblia, rozari na mishumaa, wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Aprili mwaka huohuo mkutano ulifunguliwa. Hawakurusha jiwe, lakini pia hawakukaa nyumbani. Kuvumilia kwa kikristu si kulala chini. Ni kusimama bila kuwa kama yule anayekupiga.

Kutokuwa kama yeye ndilo jambo gumu kuliko yote. Tarehe 1 Februari 2023, watu waliotoka huku kwetu mashariki walikutana na Baba Mtakatifu Fransisko mjini Kinshasa. Walisimulia yaliyowapata, mambo ambayo kalamu hii haiwezi kuyarudia, kisha wakaweka chini ya msalaba vifaa vinavyofanana na vile vilivyowaumiza au kuwaua wapendwa wao, wakasema kwamba wanasamehe. Msamaha huo haufuti haki. Mhalifu anapaswa kujibu mbele ya sheria. Lakini aliyesamehe hamilikiwi tena na aliyemtesa. Kijana wetu wa Kipaimara anadhani atakuwa huru siku watakapomkimbia. Siku hiyo atakuwa bado amefungwa kwao, na pengine mtoto mwingine, mahali pengine, atakuwa anaomba nguvu ili amkimbize yeye.

Tumalizie kwa mambo matatu ambayo tunayapendekeza kwa chama chetu na kwa mashirika ya mitaa yetu, maana tafakari isiyofika mikononi ni upepo.

La kwanza: tukatae kutoa na kupokea rushwa, lakini tusikatae kila mtu peke yake. Floribert alishinikizwa akiwa peke yake. Wapo kati yetu wafanyakazi, walimu na wauguzi ambao wangependa kukataa, lakini wanajua kwamba wakifukuzwa kazi hakuna atakayewaletea hata kilo moja ya unga. Kila shirika liwe na sanduku dogo kwa ajili ya mwenzetu anayepata hasara kwa sababu ya ukweli. Tukimsifu mfiadini na kumwacha jirani yake na njaa, heshima yetu kwa mfiadini ni ya midomo.

La pili: tuzipime sala zetu. Tuondoe ndani yake kila ombi la kuangamiza mtu, na tuweke ndani yake jina la yule tunayemwogopa. Haitakuwa rahisi, na pengine mwanzoni maneno yatakataa kutoka. Tuyaseme hivyohivyo mbele ya Ekaristi, tukimwomba Bwana ayamalizie.

La tatu: tulinde ndimi zetu. Uvumi unaokimbia mjini umewahi kuua watu, na neno baya juu ya kabila la jirani ni risasi inayotafuta bunduki. Munzihirwa aliwatetea hata wale ambao wengi hawakutaka watetewe. Hatuwezi kuliheshimu kaburi lake tukiwa tunalikana neno lake.

Siku ya Kipaimara, kijana wetu atapakwa Krisma takatifu kwenye paji la uso. Askofu hatampa fimbo wala ngao. Atapata alama isiyofutika, ambayo hakuna jeshi linaloweza kuibandua na hakuna utawala unaoweza kuibadilisha muhuri. Tumwombee, na tumsaidie kwa mifano yetu, ili nguvu anayoitamani aipate kweli: siku moja asimkimbie mtu yeyote, wala asimkimbize.